Nta ya Mume Wangu

Kwenye karakana yetu, mteja akitaka mpini wa wembe hatumpimi kwa rula. Tunampa bonge la nta iliyopashwa moto, tunamwambia, "Shika kama unavyoshika ukinyoa, minya mara moja, achia." Vidole vinaacha mabonde yake, kiganja kinaacha uvimbe wake, na mimi nikishapata hilo nakaa na patasi, tupa na msasa mpaka mti, au pembe, au chochote alicholeta, kichukue sura ile ile. Nikimaliza, nta inarudi sufuriani kusubiri mkono mwingine. Nta hiyo hiyo imeshikwa na hakimu, ikashikwa na mtu aliyewahi kufungwa na hakimu huyo huyo, na wote wawili wananyoa vizuri.

Ninaposema chochote alicholeta, sitanii. Nimechonga mipini kutoka kwenye pedali ya baiskeli, mguu wa dawati, na shingo ya gitaa lililokaliwa na mjomba mmoja mnene. Dereva wa lori aliniletea kirungu cha gia. Burashi za sabuni ni rahisi zaidi, kwa kuwa mashina yake ni ya duara. Hizo nazitia kwenye mashine nazikereza, kisha napachika singa za farasi juu. Nimekereza vitasa vya milango, nimekereza magunzi ya mahindi niliyoyagandisha ndani ya gundi mpaka yakawa magumu kama jiwe. Mtu ana kitu hawezi kukitupa na hana pa kukiweka, basi anakileta kwangu, anaondoka nacho bafuni. Watu wana mapenzi ya ajabu, na ndiyo yanayonilisha.

Mume wangu ndiye aliyenifundisha kazi hii, na yeye mwenyewe alikuwa akinyolea vile vijiwembe vya plastiki vya kutupa. Nilimsema mpaka ulimi ukachoka. Siku moja nikambandika bonge la nta mkononi, nikamwambia, "Minya, baba. Leo na wewe ni mteja." Akaminya huku anacheka, akauliza kama atapunguziwa bei. Kabla sijapata mti wa kumfaa akaugua, na ugonjwa wenyewe haukutupa nafasi ya chochote. Huu ni mwaka wa tatu.

Nta yake sikuirudisha sufuriani. Niliifunga kwa kitambaa nikaiweka kwenye droo ya meza yangu, na kila jioni, kabla ya kufunga mlango, nilikuwa naitoa na kuishika. Siwaelewi wanaosema picha zinatosha. Picha unaishika wewe, yenyewe haikushiki. Lakini nta ile nilikuwa nikiingiza vidole vyangu kwenye mabonde ya vidole vyake, nafumba macho, na kwa muda ule mdogo nilikuwa na mume. Mwanzoni vidole vyangu vilipwaya, maana alikuwa na mikono mikubwa. Baadaye nikaona ananishika vizuri zaidi. Nikajiambia tunazoeana.

Mama mkwe wangu tulikuwa tukiishi naye ghorofani, juu ya karakana. Mwanawe alipotutoka, yeye hakuondoka na mimi sikumwondoa, tukawa tunagombania redio na kiasi cha chumvi kama mke na mume. Jumatatu moja akashuka ngazi, hatua moja, pumzi mbili, amebeba mchi wake wa kutwangia kwapani. Akauweka juu ya meza yangu, puu, vumbi la mbao likaruka.

"Wifi yako anakuja kunichukua Jumamosi," akasema. "Miguu imegoma. Ngazi hizi siziwezi tena."

"Najua, mama. Ameniambia."

"Nataka niende na mkono wa mwanangu." Akanyoosha kidole kwenye droo. "Usinitolee macho. Nikija kukuita ule huwa nakuona. Mchi huu nilitwanga nao yeye akiwa mgongoni, akalala kwa mdundo wake. Ukate, uchonge ule mpini wa wembe wake mliouacha njiani. Ndevu sina, lakini mpini nitaushika."

"Ndevu unazo, mama. Mbili, hapo kidevuni."

"Na wewe utazipata, ngoja tu."

Tulicheka wote wawili. Kisha akanishika bega, akasema kwa sauti ya chini, "Kule kwa wifi yako kila kitu ni kipya. Hamna hata kijiko alichowahi kukishika." Nikautwaa ule mchi.

Mti wa mchi ule ulikuwa mgumu kupita maelezo. Miaka yote ya kutwanga ilikuwa imeushindilia. Nilipiga patasi, ikadunda. Nilichukua vipimo kwenye nta kwa bikari, bonde baada ya bonde, nikachonga polepole, na nilikuwa na furaha ambayo sikuwa nimeionja siku nyingi. Nilikuwa namtengenezea mume wangu kitu. Nilimsemesha hata, nikamwambia atulie, asitikise mkono.

Kuna kanuni moja ya kazi yetu ambayo aliniimbia tangu siku ya kwanza: mpini wa mtu mwingine lazima ukukatae. Ukishaumaliza, ushike mwenyewe. Ukikubana hapa na kukupwaya pale, umefanya kazi. Ukikaa vizuri mkononi mwako, umeharibu, maana umejichongea wewe.

Alhamisi mchana nikapiga msasa wa mwisho, nikaufuta, nikaushika. Ulikaa mkononi mwangu bila kubana popote.

Nilidhani nimekosea vipimo. Nikaikimbilia nta, nikaingiza vidole, na nayo vilevile, imenikaa sawasawa. Mume wangu kidole chake cha kati kilipinda, kilibanwa na mlango akiwa mtoto, na siku aliyominya kiliacha kona ndani ya nta, niliiona kwa macho yangu. Nikaitafuta ile kona kwa kucha. Hapakuwa na kona. Bonde lilikuwa limenyooka kama kidole changu.

Sasa niwaeleze. Nta yetu tunaichanganya na mafuta kidogo ili isikauke, na joto la kiganja linaisogeza. Wateja nawachapa vidole nikiona wanaichezea. "Minya mara moja, achia!" Nimelisema hilo mara ngapi? Na mimi mwenyewe nimekaa jioni zote hizo namminya mume wangu, kidogo kidogo, mpaka akawa mimi. Siku zile nilipodhani ananishika vizuri zaidi, ndipo alipokuwa anaondoka.

Kinyozi wa jirani, ambaye huninunulia burashi na hupenda kuingia bila hodi, alinikuta nimekaa sakafuni. Nikamweleza. Mtu huyu hujua mzaha tu, lakini siku hiyo alivua kofia.

"Shemeji," akasema, "yule mama ni mzee. Atajuaje? Mpe mpini wake, aende kwa amani. Hutamwibia chochote."

"Nitamwibia mwanawe."

"Mwanawe hayupo, shemeji. Mpe mti ashike."

Alipoondoka nikakata kipande kingine cha ule mchi nikajaribu kuchonga bila nta, kwa kukumbuka. Mikono ya wateja wangu naikumbuka hata njiani. Nikimwona mtu ameshika mwavuli najua mpini wake. Wa mume wangu haukuja. Nilikumbuka suruali yake ya kazi, nikakumbuka namna alivyopenga kamasi, kiganja kikakataa kabisa kuja. Nilichonga nikaharibu, nikachonga nikaharibu, mpaka kipande kikawa kijiti. Nikalia kwa hasira, na hasira yenyewe sikujua nimpe nani.

Jumamosi wifi alikuja na gari, akapakia masanduku, akabaki chini anazungumza na simu. Mimi nikapanda na mpini mfukoni, umeshafungwa kichwa chake cha chuma, bila wembe. Mama mkwe alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda kilichovuliwa mashuka, amevaa viatu tayari.

Nilikuwa nimejikaza kisabuni, nimeamua kufuata ushauri wa kinyozi. Nikampa. Akaupokea kwa mikono miwili, akaunusa kwanza, akatabasamu kwa harufu ya mchi wake. Halafu akafumba macho, akaushika kama mtu anayemvusha mtoto barabara. Kidole gumba chake kikaanza kutembea. Kikafika kwenye bonde la kidole cha kati, kikapita, kikarudi, kikatafuta tena.

"Kidole chake kiko wapi?" akauliza, macho bado kayafumba.

Uongo nilikuwa nao mdomoni, nimeushona vizuri: kwamba mti mgumu haukubali kona. Ukanishinda kuutema.

"Hakipo, mama. Nta ile nimeishika kila siku mpaka nimemfuta. Hivyo vidole ni vyangu." Nikapiga magoti mbele yake. "Nisamehe. Nilikuwa namtaka sana."

Huko chini wifi akapiga honi. Mama mkwe hakushtuka. Kidole gumba chake kikabaki kwenye lile bonde.

"Sauti yake imeshanitoka kichwani," akasema. "Nilikuwa sikuambii. Nikiitafuta inakuja ya baba yake. Usiku nagombana nayo, naiambia ondoka, mpishe mtoto."

Akafungua macho. "Siku ile hospitalini, mimi nilikuwa nimeshuka kununua maji. Niliporudi mlikuwa mmeshamfunika. Nani alikuwa amemshika alipokata roho?"

"Mimi."

"Mkono gani?"

Nikamwonyesha wa kulia. Akauchukua, akaugeuzageuza, akautazama kiganjani pale patasi ilipoacha sugu, akavilaza vidole vyangu juu ya ule mpini kimoja kimoja. Kila kimoja kikaingia mahali pake.

"Basi huu ndio niliokuwa nautafuta," akasema.

Wifi akapiga honi tena. Mama mkwe akautia mpini kifuani, ndani ya gauni, akaniambia nimshike tushuke. Tulishuka polepole, akikamata mkono wangu ule ule wa kulia, na hakuuachia hata alipokwisha kaa kwenye kiti cha gari, mpaka wifi alipokuja upande wetu akatuambia, kwa upole, kwamba anataka kufunga mlango.