Feni ya Gari Lililozimwa

Wewe unayesoma, kama una gari, au mwanao ana gari, usipeleke mkono kwenye feni ya rejeta hata kama gari limezimwa na ufunguo unao mfukoni. Naanza na hilo kwa sababu najijua, nikishika kusimulia nazunguka, na huenda ukachoka kabla sijafika. Ukichoka, angalau hilo umelipata.

Binti yangu ni fundi cherehani. Baba yake alipotutoka, yeye ndiye aliyeishika nyumba, na aliishika kwa mkono wa kulia, mkono wa mkasi. Sare za shule zote za karibu na kwetu zinatoka kwenye meza yake. Ukitaka kujua kesho tutakula nini, tazama ule mkono. Kwa hiyo mimi huuchunga kuliko yeye mwenyewe. Akimenya viazi namnyang'anya kisu. Akiipua sufuria nasimama njiani mpaka nakuwa mimi ndiye hatari. Yeye na wateja wake wamenipa jina: King'ora. Nikikohoa tu, wanasema, "Haya, king'ora kimeshawaka."

Gari alilinunua kuukuu, la kubebea mizigo ya sare. Siku ninayokusimulia tulikuwa tunazipeleka shuleni, marobota yamejaa nyuma mpaka kioo hakionyeshi kitu. Tukitembea, mshale wa joto unashuka. Tukikwama kwenye foleni, unapanda. Nikaanza kukaa upande, nautazama.

"Mwanangu, huo mshale."

"Nimeuona, mama."

"Umeuona unaelekea wapi?"

"Unaelekea kwenye nyekundu, na mimi naelekea kwa fundi. Tuone nani atafika kwanza."

Tulifika sisi, kwa bahati tu. Fundi wetu wanamwita Chapuchapu, na jina hilo hakulipata bure. Anapenda watu, ana mikono mizuri, lakini hakuna kitu anachokifanya akiwa ametulia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Usitucheleweshe, lakini na wewe usiharakishe."

"Sasa mama nishike lipi?"

Alifungua boneti injini ikiwa inanguruma. Mfuniko wa rejeta, ambao ungemrushia maji ya moto, hakuugusa, alichungulia tu kile kichupa cha maji cha pembeni akaona maji yapo. Hapo nilimsifu moyoni. Feni ilikuwa imetulia kama imechorwa.

"Unaona, dada," akamwambia binti yangu, "mkitembea, upepo wa barabarani unaipoza rejeta. Mkisimama, kazi hiyo ni ya feni. Hii haifanyi kazi. Basi ni fyuzi, au ile sensa inayoiambia kuna joto, au feni yenyewe imekufa."

Alichomoa fyuzi, akaiinua kwenye mwanga. Kile kiuzi cha ndani kilikuwa kimekatika. Akachomeka mpya. Feni ikatoa mngurumo mfupi ikanyamaza, na ile mpya nayo ikawa imeungua.

"Fyuzi haifi bila kuuawa," akasema. Alisema mwenyewe, kwa mdomo wake. Mtu mwingine angesimama hapo amtafute muuaji. Yeye aliingiza mkono mfukoni, akakuta za saizi ile zimemwishia, akaweka kubwa yake. "Hii ina roho ngumu."

Ilikuwa nayo kweli. Haikukatika. Feni ikatetemeka kidogo, ikanguruma, haikuzunguka, na harufu ikaanza kuja, harufu ya pasi iliyosahauliwa juu ya nailoni.

"Umeme inaupata, ila imekwama au imekufa. Zima gari, dada. Nichukue tochi nichungulie vizuri." Akakimbia kwenye kibanda chake kule mwisho wa uwanja.

Binti yangu akazima gari, akachomoa ufunguo, akautia mfukoni.

Hapa inabidi nikueleze kitu cha ushonaji, la sivyo utamwona mjinga, na si mjinga. Kwenye cherehani kuna sheria ambayo kila anayejifunza anaanza nayo: hupeleki kidole karibu na sindano mpaka mguu umetoka kwenye kanyagio. Mguu ukiwa sakafuni, sindano imelala, fanya utakalo. Ameishika sheria hiyo tangu akiwa msichana na haijawahi kumdanganya. Basi kwake yeye, ufunguo kuwa mfukoni ilikuwa ndiyo mguu kuwa sakafuni.

Akainama, akachungulia, akacheka.

"Mama, njoo uone. Bitana yangu."

Nikachungulia. Kipande cha bitana ya bluu, ile ya ndani ya makoti ya wavulana, kilikuwa kimejiviringisha kwenye shina la feni na kukaza kama kamba ya kufungia mzigo. Kila asubuhi anapima oili, anafuta kijiti cha kupimia kwa vipande vya bitana, na kipande anakilaza juu ya rejeta. Kimoja kilikuwa kimetumbukia.

"Fundi anatafuta tochi, kumbe mgonjwa kavaa koti," akasema.

Sikucheka. Nilikuwa nasikia kitu.

"Mbona inalia?"

"Nini?"

"Hiyo feni. Gari umezima, mbona inanguruma?"

"Ni maji yanachemka, mama."

"Maji hayachemki hivyo."

"King'ora, tulia." Akautoa ufunguo, akauning'iniza mbele ya macho yangu kama anayemwonyesha mtoto toi. "Huu hapa. Mguu uko chini."

"Muite fundi kwanza."

"Fundi atakuja akute nimeshamaliza."

Nilimshika kiwiko. Lakini nilimshika kile cha kushoto, kwa sababu ndicho kilichokuwa upande wangu, na mkono wa kulia ulikuwa umeshaingia. Alivuta kipande mara moja, hakikutoka. Akavuta tena.

Bitana ilikatika, na feni ikaondoka hapo hapo. Haikuanza polepole kama feni ya darini. Ilikuwa imekaa pale muda wote ina umeme, imezuiwa na kitambaa tu.

Hakupiga kelele. Alisema "aa" ya chini, kama mtu aliyekumbuka ameacha mlango wazi, akauficha mkono kwapani. Damu ikashuka kwenye gauni. Chapuchapu alifika mbio akiwa na tochi, akaitupa, na kitu cha kwanza alichofanya ni kulegeza kichwa cha waya wa betri na kukichomoa. Feni ikasimama. Spana moja, waya mmoja, basi.

"Hiki nilipaswa kukitoa kabla sijaondoka," akasema. Tukapanda gari la mteja wake mwingine, tukaenda hospitali, mimi nimeushika ule mkono juu kwa mikono yangu miwili njia nzima, namwambia dereva apite hapa, apite pale, na dereva anapita anakojua.

Daktari aliufungua, akautazama, akauliza, "Unafanya kazi gani?"

"Fundi cherehani."

Akarudia kuutazama, taratibu zaidi. Nami nikajua kabla hajasema. Kidole cha kati kilishonwa, kitapona. Kidole cha shahada, ncha yake na ukucha havikurudi.

Chapuchapu alikuja nyumbani baadaye kumwomba radhi, akatueleza. Gari kama letu, feni inachukua umeme wake moja kwa moja kutoka kwenye betri. Rejeta ikiwa ya moto, feni inaruhusiwa kuwaka hata gari limezimwa, ili ipoze. Si magari yote, lakini kwa macho huwezi kujua lipi liko hivyo. Na feni yetu, alisema, haikuwa na ugonjwa wowote. Tangu siku ile inawaka vizuri.

Kwa hiyo mshale ukipanda ukiwa umesimama, simama pembeni, zima, sogea mbali. Anayetaka kuingiza mkono, wewe mwenyewe au fundi, kwanza kichwa cha waya wa betri kitoke. Fyuzi ikiungua mara mbili, usiweke kubwa. Na ukisikia gari lililozimwa linanguruma, amini masikio yako, usimwamini aliyeshika ufunguo, hata kama ni mwanao na unampenda.

Yeye amerudi kwenye cherehani. Shule mbili zilingoja, nyingine zimetafuta fundi mwingine. Kile kidole ndicho alichokuwa akipapasia kitambaa kujua upande wa ndani na wa nje bila kutazama. Sasa anapapasa kwa cha mkono wa kushoto, na kola ya jana aliishona kinyume, akaifumua, akaishona tena.

Mimi nakaa chumba cha pili na mlango wazi. Mashine ikienda, napumua. Ikinyamaza, nimeshasimama.

"Mama, kaa. Natia uzi tu."

Nakaa. Kutia uzi zamani hakukuchukua muda wote huu. Nahesabu kimoyomoyo, namsikia akiulamba uzi, akijaribu, akiulamba tena. Anajua niko hapa na hataki niingie. Naendelea kuhesabu mpaka mashine iondoke.