Mfumo Mpya, Phupha Mkiani

"Mimi nitanguliwe na mtoto anayekojoa kitandani?" Phupha Inayat akaibamiza kadi ya harusi mezani. "Mimi!"

"Phupha, kaa kwanza unywe chai," Ba'mdogo Nazakat akambembeleza.

"Sikai! Na harusini siji!"

Harusi yenyewe ya dada yangu Sidra, na Phupha ni mume wa shangazi. Akisusa yeye, shangazi haji. Shangazi asipokuja, bibi hatoki chumbani. Hapa Multan phupha kususa harusi ni kawaida, ila huwa anahangaika kutafuta sababu. Huyu nimemchapia mwenyewe, kwa wino wa dhahabu.

Ilikuwa hivi. Kompyuta ya duka letu la kadi ilikuwa kuukuu, na programu yake ya mwandiko wa Kiurdu kuukuu zaidi. Mimi, bingwa wa kufeli fizikia, nikaona aibu. Watu walipokwenda swala ya Ijumaa, nikaweka mfumo mpya. Programu ikagoma kufunguka. Nikalifungua faili la kadi ya Sidra kwa nguvu kwenye programu nyingine: herufi zikaachana kama mashemeji waliogombana, na maneno yakaanzia kushoto badala ya kulia. Nikaunganisha herufi moja moja, nikanyoosha sentensi, nikajipongeza. Ule mstari wa majina ya ndugu wanaowangoja wageni sikuutazama, ukabaki umegeuka. Phupha, mkubwa wa wote, yuko mkiani. Anayeongoza ni Moosa wa chekechea.

"Rudisha ya zamani, mtaalamu," Ba'mdogo akaniambia.

"Nimeifuta."

"Nakala?"

"Nayo. Nafasi haikutosha."

Phupha akanitazama kwa huruma, bora hata angenizaba kofi.

"Ofisini kwangu mahakamani programu hiyo ipo," akasema. "Mfumo wetu hatujawahi kuubadilisha. Nenda ukaiandike kadi upya. Ila makarani wakikuuliza umefuata nini, uwasimulie yote. Wakicheka vizuri, nakuja harusini."

"Phupha jamani, makarani wote?"

"Na muuza chai."

"We Waqas," Ba'mdogo akadakia, "unangoja mfumo mwingine mpya?"

Nikaokota kadi yangu ya dhahabu, nikatoka, nikafunga mlango. Kichwani nilishawasikia makarani wanacheka.