Ngitili Kabla ya Mbegu

Sheria ndogo ya kijiji chetu cha Samuye inasema ngitili, yaani malisho yanayotunzwa kwa ajili ya kiangazi, hufunguliwa tarehe moja Julai. Aliyeiandika ni Limi, mama yake Sesilia, katibu wa kamati ya mazingira. Mwaka huu mvua ilichelewa, ikanyesha hadi Juni, na siku hiyo ilipofika nyasi zilikuwa hazijadondosha mbegu. Limi alisimama mlangoni mwa ngitili mbele ya ng'ombe wa kijiji kizima.

"Tungojeni wiki tatu. Tukilisha leo, mwakani hapa patabaki vumbi."

"Mama Sesilia, hiyo tarehe uliiandika mwenyewe," alisema jirani yangu Mwigulu.

"Niliiandika wakati mvua bado ina adabu."

Watu walicheka. Limi akaandika upya kwenye daftari: ngitili ifunguliwe mbegu zikishadondoka. Tulisaini wote, Mwigulu akiwa wa kwanza. Kisha akaanza kuondoa miiba ya mlangoni.

"Sasa unafanya nini?"

"Hiyo mpaka ipite halmashauri, mama. Leo ni tarehe moja."

Ng'ombe wake waliingia. Wangu wakawafuata, nami sikuwazuia sana. Limi alikuwa bado anawachapa wake warudi nyuma, nao wanamzunguka.