Verni Juu ya Frigoliti

Mume wangu Placide alikuwa mwalimu wa fizikia, na alipenda kutengeneza ndege. Zilikuwa ndege ndogo, za mabawa ya urefu wa mkono, alizozichonga kwa frigoliti, kile kitu cheupe chepesi cha masanduku ya chanjo. Rafiki yake wa kituo cha afya alimwekea masanduku yaliyovunjika. Mota na telekomande ya kuziongozea alitumiwa na binamu yake kutoka Bruxelles. Jumapili baada ya misa alizirusha kwenye uwanja wa shule, na watu wazima waliovaa suti walikimbia chini yazo wakiinamisha vichwa.

Frigoliti haina ngozi. Ukucha ukiigusa unaacha alama, mvua ikiinyeshea inashika uchafu, na wino unachujuka. Kwa hiyo kila ndege aliipaka. Alichukua kole, gundi nyeupe ya maseremala, akaichanganya na maji mpaka ikawa kama maziwa, akapaka kwa kipande cha sponji ya godoro, akaiacha ikauke kivulini, kisha akapaka tena. Kole ile ikikauka haionekani, ila ndege inakuwa ngumu na laini, nayo maji yanateleza juu yake.

Ndege yake ya kwanza kabisa aliipaka verni ya mbao, ile ya kung'arisha makabati. Nilikuwepo. Ilinyauka mbele ya macho yetu kama plastiki iliyotupwa karibu na moto. Placide alicheka mpaka akakaa chini. "Umeona, Adolphine? Verni inakula frigoliti. Kesho nitawafundisha wanafunzi sababu yake."

Vita vya pili vilipofika Bukavu, askari waliingia nyumbani kwetu Nguba, wakaona telekomande na antena yake. Walisema ni phonie, redio ya kuitia maadui. Wakaichukua, na wakampiga Placide. Wengine walilala shuleni, na daftari zake zote za masomo walizichoma kupikia maharage. Placide hakuacha kutengeneza ndege, ijapokuwa hazikuruka tena. Ya mwisho alimtengenezea binti yetu Bijou, ambaye alikuwa bado hajajifunza kusema sawasawa. Aliichora madirisha, na ndani ya kila dirisha akaandika jina la abiria: Bijou mbele, kisha mimi, kisha Xavier, kaka yake Placide, kisha mama yao aliyekwisha kufa. Kole ilikuwa imemwishia. Alisema ataipaka akirudi kutoka Uvira, alikokwenda kumtazama dada yake mgonjwa.

Hakurudi. Njiani, kupita Sange, gari lao lilisimamishwa. Mwanamke mmoja aliyejificha kwenye matete alikuja mpaka kwetu kutueleza: wanaume walitengwa, wakapelekwa upande wa mto Ruzizi, na milio ya risasi ikasikika. Ndugu zake walitafuta mtu wa kwenda kuuleta mwili. Hakuna aliyekubali, na sikumlaumu hata mmoja.

Tukakaa matanga bila maiti. Katikati ya sebule, mahali ambapo sanduku lingewekwa, maman Martine, shangazi ya Placide, aliweka meza ndogo yenye kitambaa cheupe, na juu yake ile ndege. Picha ya Placide tulikuwa hatuna hata moja, ziliporwa pamoja na albamu. Maandishi yake hayakubaki popote isipokuwa kwenye yale madirisha. Nilikuwa na ombi moja tu kwa Mungu, nalo halikuwa kubwa: Bijou akijua kusoma, asome jina lake kwa mwandiko wa baba yake.

Xavier alikuwa seremala. Tangu vita vianze hakutengeneza tena makabati wala vitanda, alitengeneza masanduku ya maiti. Nusu ya watu waliozikwa mtaani walilala ndani ya mbao zake. Sasa ndugu yake mwenyewe alikufa na hapakuwa na sanduku la kutengeneza. Siku za kwanza alikaa uani akiitazama mikono yake. Kisha ikapangwa kwamba siku ya kumaliza matanga tutatembea mpaka kanisani, yeye akiibeba ndege mbele ya watu. Ilikuwa majira ya mvua. Xavier akaona kazi yake.

Mimi nilikuwa ndani, kwenye mukeka, nimefunikwa kitambaa. Katika ukoo wa mume wangu, mjane hainuki mpaka matanga yaishe, wala hasemi na wanaume moja kwa moja. Neno lake linabebwa na mwanamke mkubwa wa familia. Kwangu alikuwa maman Martine. Nilimwona Xavier akiingia, akaichukua ndege kwa mikono miwili, akatoka nayo uani. Kupitia dirishani nikasikia jirani yetu Willy, ambaye hata msibani hakuweza kunyamaza.

"Papa Xavier, unapeleka avion garage?"

"Nayipeleka kupakwa verni. Mvua isifute majina."

"Basi upake na magurudumu. Kule juu barabara ya goudron haiko."

Wanaume walicheka kidogo, kicheko cha watu waliochoka kulia. Nikamshika maman Martine mkono.

"Maman, nenda muambie Papa Xavier asipake verni. Verni inakula frigoliti. Apake kole nyeupe na maji, ile ya viti."

Alinitazama kwa huruma. "Kole? Mama Bijou, ule ni ndugu yake. Amekuja na verni ya masanduku ya wakubwa, ile aliificha askari wasiione."

"Itayeyusha kila kitu. Placide alijaribu, niliona na macho yangu. Tafazali, maman."

"Sawa, tulia. Naenda."

Alitoka. Nilisogea karibu na dirisha bila kuinuka. Nikamsikia akikohoa kama anayetaka kuanza sala.

"Xavier, mutoto yangu. Bibi ya Placide anasema aksanti sana. Anaomba upake kidogo kidogo tu, isingae kupita kipimo."

"Na kole? Nimesikia kole."

"Anasema kama verni haitoshi, kole inaweza kusaidia."

"Verni inatosha!" Sauti ya Xavier ilipasuka. "Batu nisiojua nimebapaka verni. Ma-commandant nimebapaka verni. Ndugu yangu nimupake kole, kama kiti ya baa? Hapana, maman. Hapana."

"Hapana, kweli," alisema maman Martine. "Paka, mutoto yangu. Paka vizuri."

Sitasema alikuwa mwanamke mbaya. Aliona mtu aliyevunjika amepata kitu cha kushika, akakosa moyo wa kumnyang'anya. Heshima aliyofundishwa ilimwambia kwamba mjane hamkatazi shemeji mbele ya watu, na kwamba mwenye kubeba neno hulilainisha njiani. Alirudi ndani akaketi karibu nami, akanipapasa mgongo.

"Nimemuambia," alisema.

Nikasikia bisibisi ikifungua kifuniko cha kopo. Harufu ikaingia dirishani, ile harufu kali ya kila mazishi ya Bukavu miaka ile.

Niliinuka. Maman Martine alinivuta kitambaa, kikabaki mikononi mwake. Nikatoka uani kichwa wazi, wanaume wakageuza nyuso pembeni kwa aibu, nami nikapiga kelele, "Papa Xavier, acha!"

Alikuwa ameanza na madirisha. Bila shaka alitaka kuyalinda kwanza. Alikuwa seremala mzuri: alipaka kwa pinso la nywele laini, kwa mkono mmoja usiotetemeka, kutoka dirisha la mbele kwenda nyuma. Nyuma ya pinso frigoliti ilikuwa inazama. Ilitoboka, ikajikunja, majina yakavutika marefu kisha yakaingia ndani ya ute mweusi wa wino. Kwanza hakuelewa. Alidhani ni vumbi, akachukua kitambaa chenye thinner akafuta, na ubavu wote ukaondoka na kitambaa.

"Lete maji!" alisema mtu.

Maji yaliletwa. Yalifanya nini, sijui. Xavier alibaki amesimama, bawa moja mkononi, mdomo wazi.

Ndipo maman Martine alipofika mlangoni, akiwa na kitambaa changu.

"Mumeona," alisema. "Mujane ameinuka mbele ya siku yake. Placide amekasirika. Amekamata kitu yake amekwenda."

Watu waliitikia polepole. Mzee mmoja wa ukoo alisema ndiyo, ni alama. Mwingine alisema aliwahi kuona jambo kama hilo. Nilisema ni verni, ni dawa iliyomo ndani ya verni, Placide mwenyewe alinieleza. Nilisema kwa sauti, mbele ya wote. Maman mmoja alinishika bega na kuniambia nisimtukane shemeji yangu aliyejitolea mali yake. Walinirudisha kwenye mukeka, wakaongeza siku za matanga kwa ajili ya kosa langu.

Kwenda kanisani Xavier alitembea mbele akiwa mikono mitupu. Mvua haikunyesha.

Baadaye sana, familia ilipokwisha kusahau, alikuja kwangu akaketi mlangoni bila kuingia.

"Ile siku, bibi ya Placide. Ulijua?"

"Nilijua. Nilituma neno."

"Waliniletea aksanti."

"Nilisikia."

Akasema hatapaka tena verni, atauza mbao tu. Nilijua hataweza, watu walikuwa bado wanakufa. Kesho yake nilimsikia akipiga misumari.

Sasa Bijou yuko mwaka wa pili wa shule ya primaire. Juzi alirudi na daftari, akaniuliza baba aliandikaje jina lake. Nikachukua kalamu. B niliiweza, au nilidhani naiweza. Kwenye J nikasimama. Sikukumbuka mkia wake uligeukia wapi, wala kama nukta ya i ilikuwa nukta au duara dogo. Nilikuwa nimeyatazama yale madirisha mpaka machozi yakakauka, na sikuyajifunza, kwa sababu nilidhani yatakuwepo.

"Hivi," nikamwambia, nikaandika tu.

Alilitazama jina, akalinganisha na maneno mengine niliyomwandikia kwenye daftari lile.

"Maman," alisema, "huu si mwandiko wako?"