Wenye Milia na Wenye Madoa

Mwalimu wa darasa la nne alikuwa na ugonjwa ambao wenzake ofisini walishauzoea: hawezi kufundisha kitu bila kukileta. Alipofundisha sumaku, pini za ofisi nzima zilitoweka. Alipofundisha wadudu, mwalimu mkuu alihama meza kwa wiki nzima. Kwa hiyo zamu ya papa ilipokaribia, mkuu alimwita pembeni akamwomba, kwa heshima zote, safari hii aridhike na picha.

Aliridhika nusu. Ubaoni alichora papa mdogo mwenye milia myeusi, na pembeni yake papa mkubwa mwenye madoa. Na juu ya meza aliweka ndoo ya maji ya bahari. Ndani yake kulikuwa na kifuko kigumu cha rangi ya kahawia, kirefu kama kiganja, chenye nyuzi pembeni. Kaka yake, muuza samaki, alikikuta asubuhi hiyo kimenasa kwenye kamba ya mashua iliyomletea mzigo. Alimwambia ni ganda la yai la papa, mwenyewe keshatoka zamani, na kwamba saa sita angepita kuchukua ndoo yake.

Somo lilianza kwa vurugu. Darasa zima lilikubaliana kwamba papa ni mbaya, anakula watu, na ingefaa wamalizwe wote. Mwalimu aliwaacha waseme mpaka wakachoka, kisha akakitoa kifuko ili kipite mkono kwa mkono.

Hapo ndipo mkono wake ulipofanya mambo yake wenyewe. Mama yao, yeye na kaka yake, alikuwa mtu wa kutotolesha vifaranga, na katika nyumba ile hakuna yai lililopita bila kumulikwa. Yasiyo na kitu yalikwenda jikoni au sokoni, na yenye kifaranga yalirudi kwa kuku. Bila hata kufikiri, mwalimu aliwasha tochi ya simu akaiweka nyuma ya kifuko.

Ndani, kitu chembamba kilijipinda, kikatulia, kikajipinda tena.

"Yumo," alisema, na sauti ilimtoka ndogo. Akakirudisha kwenye maji haraka. Ilibaki kidogo tu ampitishe mtoto wa mwenzie mikononi kama chaki.

Darasa likageuka papo hapo. Wale wale waliotaka papa wamalizwe sasa walitaka kujua kama huyu amekula. Anapumuaje humo ndani? Analala? Mama yake yuko wapi? Mwalimu aliwaeleza kwamba mama huliweka yai, hulifunga kwa zile nyuzi ili lisichukuliwe na maji, kisha huenda zake, na mtoto hukaa humo kwa miezi akila kiini. Wakapokezana kuchungulia, tochi ikiwashwa na kuzimwa upesi asije akasumbuka.

Walitaka abaki. Jina walishampa. Lakini maji ya ndoo yalikuwa yameanza kupata joto, na mwalimu aliwaambia wazi kwamba asiporudishwa baharini leo, atakufa. Mwenye njia ya kumrudisha alikuwa kaka peke yake, na kaka hakuwa mtu wa kuomba mashua kwa ajili ya yai.

Saa sita alifika, kofia kichwani, akidai ndoo. Mwalimu, dada yake, alimweleza, akamwomba alirudishe yai baharini. Alicheka mpaka akashika mlango.

Msichana wa dawati la mbele, waliyemwita Hakimu kwa sababu haachi jambo likapita, alisimama akamwuliza mjomba huyo anauza papa wa aina gani.

Mjomba alifurahi kuulizwa. Alisema anauza aina mbili. Kuna wenye milia, wadogo, nyama laini, hawamalizi saa moja mezani. Na kuna wenye madoa, wakubwa, ila hao siku hizi hawaonekani kabisa, na mpaka leo hajui wamehamia wapi.

Hakimu aligeuka akautazama ubao. Akamtazama mwalimu. Mwalimu alitamani kengele ilie, maana alijua kinachokuja, na kaka yake alikuwa amesimama mbele ya watoto wa watu.

"Mjomba, ni hao hao," Hakimu alisema taratibu. "Mwalimu ametufundisha: wakiwa watoto wana milia. Wakikua ndiyo wanapata madoa."

Kaka aliutazama ubao kwa muda mrefu. Kofia aliivua, akaivaa, akaivua tena. Kisha akaomba tochi.

Alimulika kama mama yao alivyomulika, kiganja kimekinga mwanga. Kitu kikajipinda.

"Yenye kitu mama hakuuza hata moja," alisema, kama anajisemea.

"Hata njaa ilipotubana," dada alijibu.

Kaka akafunika ndoo kwa kofia yake isipigwe na jua, akaondoka nayo imejaa maji, akitembea polepole kuelekea kwenye mashua. Mlangoni Hakimu alimkamata: kesho atauza wenye milia? Mjomba hakumdanganya. Wapo watatu kwenye barafu, wameshakufa, atawauza. Kuanzia kesho kutwa, aje aone mwenyewe.

Kesho kutwa, baada ya masomo, Hakimu alimburuta mwalimu mpaka soko la samaki. Meza ya kaka ilikuwa na nafasi tupu pale pa mbele, na yeye hakuwa na uso wa furaha. Mteja wake wa siku zote alikuwa amesimama hapo na kikapu, akiuliza leo wale laini wenye milia wako wapi, au kahamishia kwa mwingine.

Kaka alimwona Hakimu nyuma ya kikapu. Akashusha pumzi.

"Hao bado wanasoma, mama," alisema. "Wakimaliza, nitakuita."