Meno ya Kombe

Uongo wenyewe ulikuwa mdogo, hauzidi ukucha wa kidole cha mwisho, lakini kwa ajili yake Fundi alikuwa hali wala halali.

Kazi yake pale makumbusho ilikuwa kutoa visukuku mwambani: konokono, kaa na makombe yaliyogeuka jiwe mamilioni ya miaka iliyopita. Unatumbukiza jiwe kwenye asidi hafifu, unahesabu dakika, unasuuza, unarudia. Na kabla ya kila kutumbukiza unapiga picha. Mwalimu, mzee aliyemfundisha kazi, aliirudia sheria hiyo mpaka wenzao wa maabara wakawa wanamwigiza nyuma ya mlango.

Siku ile betri ya kamera ilikuwa imekwisha, na Fundi ana haraka zake. Kombe alilokuwa nalo mkononi akalirudisha kwenye asidi hivyo hivyo, bila picha. Mara dada yake akapiga simu, wakaanza habari za mashemeji, na hao wawili wakianza hawana breki. Aliporudi, meno ya bawaba, pale pande mbili za kombe zinaposhikana, yalikuwa yameliwa yote. Ndiyo meno ambayo Mwalimu aliyatafuta miaka thelathini, athibitishe kwamba kombe lile la kale ni bibi mzaa bibi wa makombe madogo yanayoishi leo kwenye matope ya pwani. Wataalamu wenzake walimcheka, wakasema lile la kale ni la ukoo mwingine kabisa.

Basi Fundi akafanya nini? Akafungua droo ya makombe ya siku hizi, akakata kipande cha bawaba, akakibandika kwa gundi na vumbi la jiwe. Haya, ndiyo akili za mtu akishikwa na hofu.

Mwalimu alipotazama kwenye hadubini alivua miwani, akafuta macho, akampigia simu mkewe. Makala aliiandika kwa wiki mbili, na mnyama wa kombe lile akampa jina la Fundi. Kila alipomwita "mwanangu," Fundi alitamani ardhi ipasuke immeze.

Asubuhi ya kutuma makala uzalendo ukamshinda, hakuweza kuficha tena. Alimkuta mzee mezani, kompyuta iko wazi, akamweleza yote tangu betri mpaka gundi, akangoja kufukuzwa. Mzee hakufoka. Alilichukua kombe, akaligeuzageuza kiganjani, akauliza jambo moja tu.

"Kabla ya asidi ile ya mwisho, uliyaona meno?"

"Niliyaona, Mwalimu. Yalikuwa yameanza kuchungulia mwambani. Saba, yamepinda vile vile kama ya hawa wa leo. Ndiyo maana nilijua nibandike nini."

Na hiyo ilikuwa kweli tupu. Mzee alikuwa sahihi miaka yote thelathini, na dunia nzima aliyeuona ushahidi wake alikuwa mtu mmoja. Fundi alilia hapo, maana alijua mtu huyo sasa ni mwongo.

Mwalimu alifuta makala, akafunga kompyuta.

"Nakuamini, mwanangu," alisema. "Lakini nikiwaambia wenzangu kwamba nakuamini, wewe ungekuwa wao, ungeniamini?"

Fundi alitikisa kichwa kukataa. Kisha, kwa kuwa ndiyo kazi yake, akachukua kisu kidogo akaanza kubandua gundi.