Mlango wa Chumba cha Mashine

Nilitokewa na uvimbe shingoni mwaka 1986, nikiwa darasa la pili pale Mambrui. Mwanzo ulikuwa kama kunde, ukakua ukawa kama kokwa ya tende, kisha mwingine ukatokea chini yake. Madaktari wa Malindi walitupeleka Nairobi, huko wakakata kinyama kidogo wakakipima. Wakamwambia baba kuwa ni saratani ya tezi, na tiba yake ni kuchomwa kwa miale. Tukarudishwa nyumbani kungoja tarehe.

Mimi sikuambiwa kitu. Nikiingia chumbani, mazungumzo hukatika. Nililonasa ni neno moja tu, "kuchomwa", na moto niliujua. Baba yangu, Mbaruk, alikuwa akichoma mikate ya mofa, na mkononi alikuwa na kovu la tanuri. Nikaacha kula. Nikaanza kukojoa kitandani, mtoto mkubwa vile.

Mama yangu, Harusi, alikwenda kumweleza muuguzi mmoja wa Malindi, jina lake Easter. Easter akamwambia kwamba Kakuyuni kuna mkulima mwanamke aitwaye Sidi, ambaye mwanawe, Jefwa, alitibiwa huko Nairobi kwa mashine hiyo hiyo ya miale.

"Na sasa yu hali gani?" mama akauliza.

"Alifariki. Yeye alicheleweshwa sana. Lakini mamake aliniomba, nikipata mtoto anayekwenda huko, nimwite yeye aje azungumze naye."

Shangazi yangu Batuli aliposikia, alikuja juu. "Harusi, umlete hapa mtu aliyezika mtoto kwa maradhi yayo hayo? Huo si ukorofi?"

"Mtoto hali, wifi," mama alimjibu. "Nami sijui la kumwambia. Kama yeye analijua, na aje."

Sidi akaja na kikapu cha muhogo. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia, akaketi chini nami mkekani.

"Mahfudha, umeambiwa unakwenda kufanywa nini?"

"Kuchomwa moto," nikasema, na machozi yakanitoka.

Mama akajishika mdomo. Sidi akanivuta kwake. "Hapana, mwanangu. Hakuna moto. Hakuna kisu wala sindano. Ni mashine kubwa, wewe unalala chini yake, yenyewe haikugusi. Haiumi. Ila kuna jambo moja gumu, nalo nitakwambia kweli. Watu wote watatoka, na mlango utafungwa."

"Hata mama?"

"Hata mama. Watakuangalia kwa kioo."

Nikalia zaidi. Shangazi akasema kwa ukali, "Mbona wamtisha mtoto?"

Sidi alimjibu kwa upole. "Wangu hakuambiwa, dada. Mlango ulipofungwa alidhani nimemtupa. Akashuka kitandani kunifuata. Ikabidi kila siku adungwe dawa ya usingizi, na kila siku akaniuliza amekosa nini. Sitaki mwingine aulize hivyo."

Shangazi akainuka, akaenda jikoni kuinjika chai.

Basi tukaanza kujifunza. Sidi alishona vifuko viwili, akavijaza mchanga, akaviweka pande zote mbili za kichwa changu kama watakavyofanya hospitali. Akachovya kijiti katika masizi, akanichora mistari shingoni, mfano wa ile ya kuelekezea mashine, kisha akanipa kile kijiti nami nikamchora yeye mpaka kidevuni. Halafu wakatoka wote, mlango ukafungwa, na Sidi akawa ananguruma nje kama mashine. Mara ya kwanza niliruka nikaufungua. Mara ya pili pia. Ya tatu nilicheka hadi vifuko vikaanguka.

"Kule hutamsikia mama," akaniambia. "Kwa hivyo mpatane. Atakuwa akifanya nini huko nje?"

Mama akafikiri. "Nitasuka ukili wa mkeka."

"Haya. Ukilala pale, ujue mama yuko nyuma ya mlango, mikono yake inasuka. Ukitoka, atakuonyesha alipofika."

Sidi alirudi mara nyingi kabla ya tarehe yetu kufika, mpaka nikawa nalala kimya, na mwishowe nikawa mimi ninayewaambia, "Haya, tokeni." Nilianza kula tena. Shangazi Batuli ndiye aliyekuwa akimpikia chai, na mbele ya macho yangu akamwekea vitumbua vya moto, vile vya kwanza kutoka kikaangoni.

Nairobi kulikuwa na baridi, na chumba kilikuwa kikubwa kuliko nilivyowaza. Mlango ulikuwa mzito, ukijifunga polepole. Niliogopa, sitasema uongo. Lakini niliujua ule mlango kabla sijauona. Mashine ikanguruma, vibaya kuliko Sidi, nami nikawaza vidole vya mama vikipishanisha miyaa. Nilipotoka, mama alikuwa palepale, na ukili umeongezeka. Nilifanya hivyo kila siku ya matibabu, bila kudungwa sindano ya usingizi hata mara moja. Koo liliwaka, nikaishi kwa uji. Ngozi ya shingo ikawa nyeusi, nywele za kisogoni zikanyonyoka. Lakini uvimbe ulinywea, ukaisha, na haukurudi tena.

Tuliporudi pwani, mama hakupumzika hata siku mbili. Akanichukua tukaenda Kakuyuni. Sidi alikuwa akipalilia mahindi. Akatupa jembe, akaja mbio, akanishika shingo kwa mikono yenye udongo, akatafuta ule uvimbe asiuone. Halafu akageuka, akaenda nyuma ya nyumba. Mama akamfuata. Niliwasikia wote wawili wakilia.

Waliporudi, mama alisema, "Dada Sidi, sina neno la kukushukuru linalotosha."

"Umemleta nimuone. Yatosha."

"Basi tuhadithie habari za Jefwa," mama akamwomba. "Si za hospitali. Za alipokuwa mzima."

Sidi alitutazama kama mtu ambaye hajaulizwa hivyo na yeyote. Kisha akakaa kitako, akatuhadithia jinsi Jefwa alivyompa jogoo wao jina la naibu wa chifu, na siku naibu mwenyewe alipopita uani na kusikia jina lake likitukanwa kwa kudonoa mtama. Sidi alicheka mpaka akajipangusa macho kwa leso, nasi tukacheka naye, na akaendelea kutuhadithia mpaka jua likapungua ukali na mama akakumbuka kwamba baba hajui tuko wapi.